Upande wa Walioitwa

Uswidi,
9 Oktoba 1977

Hawo mpenzi,

Nimefika, na baridi imenipokea kabla ya watu. Lile koti ulilonishonea ukaapa kwamba barafu yenyewe italiogopa, hapa watu wanavaa la namna hiyo wakiwa sebuleni. Usinune. Nalivaa kila siku, ila juu yake nimevaa jingine nililopewa na wale wamisionari wa Kiswidi wa Itierio huko kwetu walionitafutia nafasi hii.

Uliniuliza nimekuja kujifunza nini hasa. Najifunza kupiga picha za matiti. Haya, cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Ni mashine ya eksirei iliyofungwa ndani ya gari kubwa mfano wa basi lisilo na viti. Gari linazunguka vijijini. Kila mwanamke wa makamo anatumiwa barua: siku fulani, saa fulani, njoo. Nao wanakuja, Hawo! Hawaumwi popote. Wamechana nywele, wamepiga viatu rangi. Tunabana titi katikati ya vibao viwili, wanakunja uso kidogo, wanavaa, wanaenda zao kununua mkate. Picha inaweza kuonyesha kivimbe ambacho hata mwenyewe hajakigusa kwa mkono.

Jambo moja tu limeniudhi. Wilaya ya jirani haiitwi. Wanawake ni wale wale, wengine ni dada wa hawa tunaowapiga picha, lakini hawapati barua. Nilimwuliza mkubwa wangu, Sista Ingrid, mama mmoja mzee mwenye maneno machache. Alisema hivyo ndivyo ilivyopangwa. Watangoja miaka, kisha watahesabu waliokufa kwa kansa ya matiti upande ulioitwa na upande usioitwa. Bila hivyo hakuna atakayejua kama kuita kunaokoa. “Kumwonyesha mtu ugonjwa mapema si lazima uwe umemponya,” akasema. “Huenda umemwongezea tu siku za kuujua.” Nilienda kupanga picha zangu kwa hasira.

Msalimie mumeo Jaffer. Mama akija sokoni umwambie nakula vizuri. Usimwambie ni viazi tupu.

Ndimi,
Bochaberi


Kisii mjini,
6 Novemba 1977

Bochaberi wewe,

Salamu zako nimezipata na nimezigawa zote, hata za jirani. Hilo la koti nimelisikia. Ukirudi utanilipa kwa kuvunjia heshima cherehani yangu.

Nilimsomea Jaffer barua mpaka hapo serikali inapoandikia watu kuwaita wakabanwe matiti. Akauliza kama wanaume nao kuna kitu wanaitiwa. Nikamwambia akae na kitambaa chake.

Nina kazi tele. Wanawake wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wa kanisa la Sabato kule kwenu juu ya Suneka wameamua kushona sare mpya, na fundi ni mimi. Wanakuja wawili watatu, nawapima nyuma ya pazia. Mimi Mwislamu ndiye ninayejua viuno vya Wasabato wote wa upande ule.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha niandike. Nina mteja mmoja. Nilipopitisha futi chini ya kwapa lake alijivuta kama aliyeungua. Nikasema pole, sindano imekuchoma? Hapana. Nikapitisha tena, polepole, na kidole changu kikagusa kitu kando ya titi. Kigumu, ukubwa wa harage. Hakikimbii ukikisukuma. Akanishika mkono akaniambia, “Hujaona kitu.” Akanitaka nimpe neno langu kwamba sitamwambia mtu, nami nikampa, kwa kuwa nilishtuka.

Mashine yako ingesemaje juu ya harage kama hilo? Na mahali pasipo na mashine, mtu afanye nini? Nijibu upesi, na ujibu kama nesi, si kama Bochaberi.

Mama yako alikuja sokoni. Ndizi zake ziliisha mapema. Anakusalimu sana.

Wako,
Hawo


Uswidi,
27 Novemba 1977

Hawo,

Mteja! Tulilala chumba kimoja kwa mama yako miaka yote ya shule. Kila ulipovunja kikombe ilikuwa “kuna mtu amevunja kikombe.” Ulipofeli hesabu, kuna msichana darasani alikuwa amefeli. Unadhani nimesahau?

Nimelia jana kutwa. Sasa nimenyamaza, nisikilize.

Usingoje mashine. Kitu kinachoguswa kwa kidole hakihitaji mashine kukigundua, kinahitaji daktari akitazame leo. Nimemuuliza Sista Ingrid kila kitu. Kule Amerika walishafanya kama tunavyofanya hapa: nusu ya wanawake wakaitwa, nusu hawakuitwa. Walioitwa walipigwa picha, na pia madaktari wakawapapasa kwa mikono. Baada ya miaka, upande wa walioitwa walikuwa wamekufa wachache, wamepungua kama theluthi. Si wote waliopona. Na ni kiasi gani kilitokana na picha na kiasi gani kilitokana na mikono, Sista Ingrid anasema haijulikani vizuri, ndiyo maana wanapima tena hapa kwa picha peke yake. Lakini mikono hata Kisii ipo!

Kwa hiyo nimemwandikia shemeji yangu Machogu. Unamjua, mume wa dada yangu Bonareri, ndiye tabibu anayepokea wagonjwa wote hapo hospitalini kabla hawajapelekwa kwa daktari. Nimemwambia rafiki yangu ana uvimbe. Nenda kwake. Ni mtu mpole na ni kama ndugu yako. Hakuna aibu hapo.

Hawo, unajua ninachokiwaza nikiwa kwenye gari? Ninyi wote huko ni wilaya isiyoitwa. Tofauti ni kwamba hakuna hata mtu anayewahesabu.

Nenda, tafadhali.

Bochaberi


Kisii mjini,
18 Desemba 1977

Bochaberi,

Umeniua na si kwa kansa.

Machogu alikuja dukani na barua yako mfukoni. Hakunikuta. Akamwuliza Jaffer kwa sauti ya msibani, “Mama watoto anaendeleaje na ule uvimbe?” Nimerudi nimemkuta mume wangu amekaa juu ya robota la kitambaa, machozi yanamtoka, wateja wamemzunguka. Tangu siku hiyo sibebi maji, sifui. Kila jioni analeta maini, ati ya kuongeza damu. Nimemwapia kwamba mimi ni mzima, ananitazama kwa huruma na kuniongezea kipande.

Si mimi. Nimevunja vikombe vingi, lakini hiki si changu. Nilimpa neno mwenye nacho na sasa ninalivunja, Mungu anisamehe.

Ni mama yako.

Kaa kwanza. Sasa soma. Tangu siku ile ya futi nimemwendea Mama Nyanchama kila nipatapo nafasi. Nilimsomea barua yako, ile habari ya Amerika, kana kwamba inamhusu mtu mwingine. Alisikiliza vizuri sana. Akaniuliza maswali ya akili kuliko Jaffer. Kisha nikafika pale uliposema nenda kwa Machogu, uso ukafungwa.

Akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: “Hawo, huyu alileta ng'ombe hapa kwangu. Akinikuta barabarani anatoka njiani nipite. Mimi chakula sijakula mbele yake hata siku moja. Leo nimvulie blauzi? Hapana. Heri nife na heshima yangu.”

Hiyo ensoni yenu, hiyo aibu baina ya mkwe na mkwe, unaijua kuliko mimi. Nilimwambia basi twende Kisumu. Akasema huko watataka barua ya kutoka hapa, na barua hiyo inaandikwa na Machogu, na kuandika ni kwamba ameshaona. Mlango ni mmoja, na mkwe amekaa mlangoni.

Harage limekua, Bochaberi. Si sana. Lakini mimi ni fundi, naona hata tofauti ya uzi.

Niambie nifanye nini. Na umwandikie Jaffer kwamba mimi sifi. Maini yamenichosha.

Hawo


Uswidi,
8 Januari 1978

Hawo, ndugu yangu,

Nilikuwa nimeshafungua sanduku nipange nguo nirudi. Sista Ingrid alinikuta. Aliketi kitandani kwangu, kitu ambacho hajawahi kufanya, akaniuliza nikifika nitafanya nini ambacho rafiki yangu hawezi kufanya. Nikafikiri. Mimi ni mtoto wake. Hata mimi hawezi kunivulia nguo.

Nimejionea haya. Niliyezaliwa kwenye mji ule ndiye niliyemwelekeza kwenye mlango pekee asioweza kuupita. Nimekaa hapa miezi kadhaa nikasahau sisi ni watu gani.

Nikamweleza Sista Ingrid habari ya ensoni, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema kwenye gari letu hafanyi kazi mwanamume hata mmoja, nimewahi kujiuliza kwa nini? Barua peke yake haimleti mtu. Lazima mlangoni awepo mtu ambaye aliyeitwa ataweza kumvulia nguo.

Basi sikia. Mkwe hapana, mwana hapana, rika la mwana hapana. Lakini kwetu bibi na mjukuu hawana ensoni. Wanataniana mpaka mambo ya chumbani, na hakuna anayeshangaa. Tafuta hapo hospitalini daktari ambaye kwa ukoo anahesabika mjukuu wa mama. Si lazima awe wa binti zake. Mjukuu wa dada yake, mjukuu wa binamu yake, wote ni wajukuu. Wewe unawajua watu kwa vipimo vyao, sasa wajue kwa babu zao.

Na Machogu, sijui. Yeye naye ana ensoni yake. Ukimtajia jina utamwumiza.

Usimwambie mama kwamba atapona. Mimi siwezi kumwahidi, na hapa ndani ya gari lenye mashine hakuna anayeahidi. Mwambie tu anaitwa.

Jaffer nimemwandikia.

Bochaberi


Kisii mjini,
26 Februari 1978

Bochaberi, Bochaberi,

Nimempata! Anaitwa Daktari Onchiri. Kijana wa Kiogoro, amemaliza masomo Nairobi juzi juzi, bado koti lake jeupe lina mikunjo ya dukani. Nilijua ukoo wake kwa njia yangu. Nilimshonea suruali mbili kwa bei ya hasara, na kila nilipompima nikamwuliza mama yake ni nani, bibi yake ni nani. Nadhani alifikiri namtafutia mke. Bibi yake mzaa baba na mama yako walizaliwa mji mmoja, watoto wa mtu na ndugu yake.

Ikabaki Machogu. Nilimwendea nyumbani, Bonareri akiwa shambani. Nikasema, “Shemeji, kuna mgonjwa anataka kuja, lakini hawezi kuingia ukiwa umekaa kwenye kile kiti.” Hakuuliza ni nani. Aliinama akatazama viatu vyake. Kisha akasema, “Alhamisi nina kazi Nyamira. Nitaondoka alfajiri. Kitini atakaa Onchiri, na karatasi za siku hiyo atazitunza yeye mwenyewe.” Nilipofika mlangoni akaniita. “Mwambie huyo mgonjwa barabara ni nyeupe.” Nilienda nikilia njia nzima, watu wakidhani Jaffer amenipiga.

Basi Alhamisi nikaenda na mama yako. Alivaa sare mpya ya Dorkasi kana kwamba anaenda meza ya Bwana. Akaingia, akasimama, hakukaa. Daktari akamwambia, “Shikamoo mama, karibu kiti.” Yeye akasema, “Ngoja. Wewe ni mwana wa nani?” Kijana akajieleza. “Baba yako alizaliwa na nani?” Akataja. “Huyo mama yake alitoka mji gani?” Wagonjwa nje wanapiga mlango, mama yako anahoji kama hakimu. Kijana alipotaja jina la baba mdogo wa mama yako, mama akapiga makofi, uso wote ukafunguka.

“Kumbe wewe ni mume wangu!” akasema. “Mimi ni magokoro wako, bibi yako! Umeenda Nairobi kusoma ukaniacha nazeeka?”

Yule kijana, Mungu ambariki, hakubabaika. Akasema, “Magokoro, nilikuwa natafuta ng'ombe wa kukuoa. Sasa hebu nikuone kama umekonda.”

Nami nikageukia ukuta, na mama yako akafungua vifungo mwenyewe, anacheka.

Daktari hakucheka alipomaliza kupapasa. Alimwambia wazi. Kitu hiki ni kibaya, lakini ni kidogo, na kwapani hajagusa kitu. Titi lote litatoka. Mama akauliza nani atakata. Daktari wa upasuaji ni Mhindi mmoja mzee. Nikajua sasa tunaanza upya. Akafikiri, akauliza, “Nitakuwa nimelala?” Utakuwa umelala. “Basi nikilala sina mkwe wala mwana.”

Wameshakata. Kipande kilipelekwa Nairobi, majibu yamerudi: ni KANSA kweli. Kwapani haikufika. Sitakuficha kitu tena, ndiyo maana nimekuandikia neno hilo kwa herufi kubwa kubwa, ulisome ukiwa umekaa. Yuko kwangu, chumba chetu cha zamani. Anakula maini ya Jaffer. Hatimaye yamepata mwenyewe.

Machogu alirudi kutoka Nyamira na mkungu wa ndizi mbivu. Aliuweka mlangoni pa duka, akaondoka bila kupiga hodi. Mama yako aliutazama akasema, “Huyu kijana alilelewa.”

Hawo


Uswidi,
19 Machi 1978

Hawo,

Nimesoma barua yako ndani ya gari, theluji ikianguka nje, na nimelia mpaka mwanamke aliyekuja kupigwa picha akanipa leso yake. Nilimfasiria habari ya magokoro na mume wake. Akacheka hata hakusikia vibao vilipobana.

Kila wiki wanakuja, wanavaa, wanaondoka. Bado sijui watakapohesabu watapata nini. Nimeacha kumkasirikia Sista Ingrid. Anataka kujua kweli, si kutufurahisha, na ikiwa kuita kunaokoa, siku moja watalazimika kuita kila wilaya.

Mshonee mama kitu cha kuweka ndani ya sindiria, tafadhali. Hapa wanatumia sponji. Wewe utajua.

Nina furaha, Hawo. Naiandika ili niione.

Bochaberi


Suneka,
12 Agosti 1979

Mtoto wangu Bochaberi,

Huyu Hawo anaandika vile mimi nasema. Nimemwambia asiweke chumvi yake.

Mimi niko. Majani ya chai nachuma, ndizi nauza, kanisani naenda. Kila baada ya miezi naenda kwa mume wangu Onchiri ananipapasa, anasema bado niko mrembo. Anaoa mwezi wa kumi na mbili, na mimi nitakaa mbele kama mke mkubwa.

Hawo alinishonea titi la kitambaa. Sponji hakuna, pamba ilikuwa nyepesi, nikawa natembea upande mmoja. Akajaza wimbi, zile punje za uji. Uzito ukawa sawa kabisa. Siku ya Sabato uzi ukafumuka nikiwa njiani, na kuku wa jirani yetu Onyancha wakanifuata mpaka mlango wa kanisa. Mchungaji akauliza kwa nini Dorkasi wanacheka wakati wa sala. Sasa Hawo ameshona mara mbili.

(Chumvi hii si yangu, Bochaberi. Niliwaona kuku kwa macho. Hawo.)

Sikiza jambo langu. Wale wanawake wote wa Dorkasi wanashonewa kwa Hawo. Nimewaambia, mtu akienda kupimwa nami naenda naye. Nyuma ya pazia Hawo anapima nguo, akimaliza anageukia ukuta, na mimi nafungua nguo yangu, nawaonyesha pale palipokatwa, wanaona nimesimama. Halafu Hawo anawaonyesha vile mtu anajipapasa mwenyewe. Wa rika langu hatuna aibu. Wale wa rika lako mimi natoka nje, anabaki Hawo peke yake. Mmoja alikuwa na kitu. Tulienda naye, haikuwa kansa, ilikuwa maziwa tu yamegandamana. Alitulaumu kwa kumtisha, baadaye akaleta kuku. Mwingine alikataa kwenda. Bado namwendea.

Kwetu hakuna gari na hakuna mtu wa kutuma barua. Basi barua ni mimi. Nina miguu.

Hawo ameniambia huko mtahesabu wale wanakufa, upande huu na upande huu. Ni vizuri. Watu wahesabiwe. Na mimi nitakufa, sijui kwa hii ama kwa uzee ama kwa kuku wa Onyancha. Lakini siku hiyo ya kuhesabu, mwambie huyo mama Ingrid asiniweke pamoja na wale hawakupata barua, hata kama kitabu chake hakina Suneka.

Aniandike kwa wale wengine. Mimi niliitwa.

Ni mimi mama yako,
Nyanchama